Mwaka Niliopindua Mawe ya Ilembwe

Tulipokwisha kumzika wifi yangu Rahabu, nilipewa kulala katika chumba kilekile cha nyuma ya jiko nilichoingizwa nikiwa bibi harusi. Siku hizi wanakiwekea magunia ya mbolea, pampu ya kunyunyizia mibuni dawa, na baiskeli isiyo na tairi. Dirisha ni lilelile dogo, na moshi wa jikoni bado unaingia bila kubisha hodi. Nilikuwa nimejinyoosha tu, miguu imevimba kwa kusimama makaburini, nikiwasikiliza wasichana wa nyumba wakiosha masufuria ya msiba. Mmoja wao alikuwa amejaza maji kwenye glasi ampelekee mgeni. Akasema, "Haya safi kabisa, ona, hayana hata mdudu mmoja." Mwenzake akaitikia kwamba kweli, meupe pee. Hawakuwa na kosa lolote. Wao wanakunywa maji ya bomba, na kwa maji ya bomba maneno yale yanatosha. Lakini mimi nililia pale kitandani kuliko nilivyolia kaburini, kwa sababu maneno hayohayo yaliwahi kusemwa katika jiko hilohilo, na tuliyalipia. Walioniona macho yamevimba jioni ile walidhani ni kwa ajili ya Rahabu tu.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa zama za Mwingereza. Nilikuwa nimetoka tu katika shule ya wasichana ya misheni, nikaolewa na Amosi, nikatoka Undali kwenye milima nikaja Iyula kwenye mibuni. Kinyiha cha wakwe zangu sikukijua, Kindali changu wao walikisikia nusunusu, tukawa tunakutana katika Kiswahili cha shule na cha kanisani. Amosi mwenyewe alikuwa Tunduma, akiuza vitambaa katika duka la Mhindi kwa watu wa pande zote mbili za mpaka, na nyumbani alionekana kwa nadra, akinukia marekani mpya. Kwa hiyo aliyenioa hasa ilikuwa nyumba: jiko, mama mkwe, wifi Rahabu na mwanawe Lea, na upande wa pili wa ua, baba mkwe ambaye sikupaswa kumwona. Kwetu Undali mkaza mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, wala hatamki jina lake. Akimwona anakuja njiani huingia majanini, akampa mgongo na kujifunika kichwa mpaka apite. Wanyiha nao walikuwa na heshima yao ya ukwe, ila haikuwa kali kama yetu. Mimi nilikuja na ile ya kwetu nzimanzima, na wakwe zangu wakafurahi, wakasema kijana wao kapata mke mwenye adabu. Na tuliamini, sisi na wao, Wakristo tuliobatizwa, kwamba mwiko huo ukivunjwa haumdhuru aliyeuvunja. Humwendea aliye mdogo kuliko wote katika nyumba. Hata leo kalamu yangu inagoma kuandika jina la mzee yule, basi humu ndani ataitwa Baba Rahabu.

Nilimjua kwa masikio. Nilijua kikohozi chake cha alfajiri, mburuzo wa katambuga zake za tairi, na sauti yake akiongoza sala ya jioni upande wa pili wa ukuta, sisi wanawake tukiitikia amina kutoka jikoni. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki, tena mbishi. Chakula chake nilipika mimi lakini Rahabu ndiye aliyekipeleka: ugali wa ulezi, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Bakuli likirudi tupu nilijua kapenda, likirudi nusu nilijua chumvi imenipita. Rahabu alikuwa akisimama katikati ya jiko na kuniigizia. "Leo baba kafanya hivi," alikuwa akisema, akikunja pua na kutafuna polepole kama anayeonja dawa, nami nikicheka mpaka mama mkwe atuambie tuna kelele. Mume wa Rahabu alikuwa ng'ambo, kwenye machimbo ya shaba, na yeye alirudi kwao kungoja. Lea alikuwa ndiyo kwanza anaachishwa ziwa na kujifunza kutembea, akishika pindo la kitambaa changu jikoni kutwa nzima. Mama yake alikuwa shambani na bibi yake ana magoti mabovu, kwa hiyo uji wa Lea niliukoroga mimi na nikamnywesha mimi. Sikuwa na mtoto bado. Nilimpenda yule kwa pupa, na sioni haya kuandika hivyo.

Sasa niseme nilivyojua nilichokijua, maana si ufunuo. Shuleni tulikuwa na mwalimu mwanamke jina lake Keziya, mrefu, mkali, aliyefundisha hesabu na usafi wa nyumba. Shule ilipotaka kubadili mahali pa kuchota maji, Mwalimu Keziya alitupeleka mtoni na sinia la bati jeupe na kipande cha marekani. Msichana mmoja alikishika kitambaa ndani ya maji, upande wa chini, na mwenzake akasimama juu yake akisugua mawe kwa mikono na kuchokoa mchanga kwa miguu, ili chochote kilichojificha kichukuliwe na maji kinase kwenye kitambaa. Kisha tulikikung'uta juu ya sinia. Mara ya kwanza niliona uchafu mtupu. Halafu uchafu ukaanza kutembea. Kulikuwa na vidudu bapa vyenye mikia mitatu kama nywele, vikikimbia kingo za sinia. Vingine vilijijengea vijumba vya punje za mchanga na kutembea navyo. Kulikuwa na kaa mdogo, na mtoto wa kereng'ende mwenye sura ya kugombana. "Msitazame maji," Mwalimu Keziya alisema. "Maji yanajua kujipamba. Tazameni nani anakaa humo." Akatueleza kwamba maji nayo yana pumzi, na kitu kinachooza huinyonya pumzi hiyo. Wenye mikia mitatu ni wateuzi, pumzi ikipungua kidogo tu wanakufa au wanahama. Kaa na kereng'ende ni wavumilivu. Na palipooza kabisa watabaki funza wekundu wa kwenye tope, wanaoweza kuishi kwa pumzi ya kuokoteza, na ruba. Wasichana tukalifanya somo kuwa mzaha bwenini: mwenye kuchagua chakula alikuwa Mikia Mitatu, na aliyelala bila kuoga tulimpa cheo cha Funza. Lakini nililishika. Nilipofika Iyula, siku za mwanzo kabisa za kuchota maji katika kijito cha Ilembwe, nilipindua mawe kwa mazoea tu, na wenye mikia mitatu walikuwa wamejaa. Nilifurahi kama mtu aliyekuta jamaa zake ugenini.

Mashine ya kumenya kahawa ililetwa wakati wa mavuno. Baba Rahabu na wenzake wa kanisani waliichangia, wakaifunga kwenye kona ya Ilembwe juu ya kisima chetu, yaani kile kidimbwi cha kijito tulichochotea, kwa kuwa kahawa iliyomenywa huoshwa kwa maji mengi. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mlio wake ulifika mpaka jikoni. Msiione ile kama kitu kibaya. Kabla yake watu waliuza kahawa iliyokaukia kwenye maganda, ya bei ya kuonea aibu, na mwaka ule kwa mara ya kwanza watu wa Iyula waliingia kanisani wamevaa viatu. Vibarua walikuja kutoka mbali, hata Ndalambo, wakajenga vibanda kando ya mashine na kwenda haja kwenye vichaka palepale juu ya maji. Maganda yalimwagwa ukingoni, yakawa kilima. Ilembwe ikageuka rangi ya chai, ikanuka chachu, na ukinawa uso unawashwa. Tuliacha kuinywa, tukanywa ya kisima cha jirani tukisema ni ya msimu tu. Lea aliharisha, akapona, akaharisha tena. Watoto wa majirani vilevile.

Msimu ukaisha, vibarua wakaondoka, na katika juma moja tu Ilembwe ikarudi kuwa nyeupe. Mama mkwe alishuka mwenyewe na magoti yake, akachota kwa kata, akaonja. "Imepona," alisema. Mimi niliingia majini na kupindua mawe. La kwanza lilikuwa limevaa utelezi kama kamasi. La pili vilevile. Niliwatafuta wenye mikia mitatu hadi vidole vikafa ganzi na sikumwona hata mmoja, wala wenye vijumba, wala kaa. Nilipoingiza mkono kwenye tope, ukatoka na funza wekundu wakijinyonganyonga katikati ya vidole. Nilitazama juu, nikaona kilima cha maganda, bado kinavuja maji meusi taratibu chini ya majani. Leo najua daktari angesema mengi zaidi. Funza wale hawakumuumiza mtu yeyote; vilivyotuumiza vilikuwa ni vile visivyoonekana, kutoka vichakani na kutoka kwenye uozo. Lakini wao walikuwa mashahidi, na mimi peke yangu nyumbani mle ndiye niliyejua ushahidi wao. Nikaanza kuamka mapema na kwenda na mtungi mdogo ng'ambo ya kilima cha kijiji, kwenye kijito cha ukoo mwingine ambacho mawe yake yalikuwa na wakazi wote. Hayo ndiyo maji niliyompikia Lea uji. Mashavu yake yalirudi. Akaanza tena kunifuata jikoni na kuvunja vitu.

Kijijini hakuna mtungi mdogo usioonwa. Wenye kijito wakauliza, na jibu likafika kwa mama mkwe kanisani: mke wa Amosi anayakimbia maji ya nyumba yake. Kwa watu wale hilo ni tusi zito, kana kwamba nasema mkwe wangu ametia kitu kisimani. Mama mkwe alinikalisha jikoni. Hakupiga kelele, alikuwa mwanamke mpole, anayesema huku akichambua maharage.

"Mwanangu, unamfanya baba yenu ajulikane vipi huko nje?"

"Mama, maji ya Ilembwe bado yanaumwa," nilisema. "Wale wadudu wa chini ya mawe wameisha wote. Maganda yale yanaoza na kuvuja. Tafadhali mwambie baba maganda yaondolewe, na mashine isikae juu ya kisima."

"Wadudu wameisha?"

"Wameisha, mama. Ndiyo ubaya wenyewe."

Aliendelea na maharage. "Nitamwambia," alisema.

Jioni ile nikiwa chumbani, niliwasikia upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe akasema, kwa upole wake uleule, kwa Kinyiha ambacho kufikia hapo nilikuwa nimeanza kukisikia, kwamba mke wa Amosi ameona wadudu katika kisima. Nilitaka kupiga ukuta kwa ngumi. Nilipomuuliza kesho yake kwa nini aligeuza, alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Nilijua umekosea kusema, mwanangu. Kiswahili kigumu. Nani atakwenda kumwambia mwanamume mzima kwamba maji ni mabaya kwa sababu hayana wadudu?" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amenisahihishia maneno yangu nisije nikaonekana mjinga mbele ya mkwe, na mwenye adabu yoyote angenifanyia hivyo. Kilichonishinda ni kwamba sikuwa na njia nyingine. Kila neno langu kwa Baba Rahabu lilipaswa kupita katika kinywa cha mtu, na kila kinywa kilikuwa na akili yake.

Naye Baba Rahabu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakupuuza. Aliita vijana wa kanisa, wakatoa mawe yote kisimani, wakafyeka matete, wakafagia chini, wakamwaga chokaa iliyobaki ya kupakia ukuta wa kanisa. Kisima kikawa kama beseni. Jumapili akasimama akatangaza kwamba Ilembwe imesafishwa na yeyote asichote kwingine, wa nyumbani kwake wakiwa wa kwanza. Mama mkwe alichota glasi, akaja nayo jikoni, akaishika mlangoni penye mwanga. "Sasa furahi," aliniambia. "Safi. Hayana hata mdudu mmoja." Rahabu alinitazama, mimi nikamtazama Lea aliyekuwa sakafuni akipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko.

Mvua za kwanza zilisomba nusu ya kilima cha maganda. Nilichemsha maji ya uji, ndiyo, lakini ya kunywa mtoto mkubwa wa kutembea huyapata mwenyewe: kwenye kata, kwenye mtungi, kwenye mkono wa bibi yake mwenye huruma. Lea alianza kuharisha tena. Tulimbeba hadi zahanati ya misheni, akapewa dawa, akapata nafuu, tukarudi naye nyumbani kwenye maji yaleyale. Amosi alikuja kutoka Tunduma na biskuti na kitambaa cha maua, nikamweleza yote, naye akaenda kwa baba yake kama mwana mwema. Alirudi kichwa chini. "Baba anasema ameshasikia habari ya wadudu na ameshawaondoa. Nimejaribu kumwambia ni kinyume chake. Ananiuliza, kinyume cha usafi ni nini?" Kesho yake akapanda lori kurudi dukani. Simlaumu sana. Yeye naye alikuwa mtoto mbele ya baba.

Aliyenisukuma ni Rahabu. Alikuwa ameketi na Lea mapajani, mtoto ngozi ya tumbo inabaki imesimama ukiibana, na ule mzaha wake wote umemkauka. "Tabitha," alisema, "wewe ndiye unayejua. Sisi wengine tunakoroga tu maneno. Mwambie mwenyewe."

"Rahabu, unajua nikifungua mdomo mbele yake ni nani atakayeumia."

"Kwani sasa anaumia nani?"

Nilichukua sinia la bati la nyumba, nikapanda ng'ambo ya kilima nikakung'uta mawe ya kule kwenye kibuyu chenye maji, nikashuka nikachota tope la Ilembwe kwenye kingine, nikaenda kwenye mashine ambako Baba Rahabu alikuwa akipaka vyuma mafuta. Nilijifunika kitambaa kichwani. Niliweka sinia chini karibu na miguu yake, nikaligawa katikati kwa ukuta mdogo wa tope, nikamimina kibuyu kimoja upande huu na kingine upande ule, nikamgeuzia mgongo nikitazama mibuni. Katambuga zilitulia. Nikasema, "Rahabu, mwambie baba yako atazame sinia."

Rahabu hakuwapo. Alikuwa nyumbani na mtoto. Lakini ilikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki, na mzee aliielewa papo hapo. Akakohoa.

"Rahabu," alisema nyuma yangu, taratibu, "muulize wifi yako, hawa wanaokimbia wametoka wapi?"

"Rahabu, mwambie baba wametoka ng'ambo ya kilima, kwenye maji ambayo Lea akinywa anapona."

"Na hawa wekundu?"

"Wa Ilembwe, Rahabu. Mwambie baba sikusema kuna wadudu. Nilisema wamekwisha. Hawa wa mikia mitatu ndio waliokuwa wakikaa kisimani petu kabla ya mashine. Hawawezi uozo. Wakiondoka wao, si maji ya kumpa mtoto, hata yawe meupe namna gani."

Nilisikia magoti yake yakilia alipochuchumaa. Nikasikia kidole chake kikigusa bati. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kuliko ile ya sala, "Rahabu, mwambie mashine si yangu peke yangu. Wenzangu wameweka jasho lao. Jumapili baada ya ibada nitawaita. Anipe hadi Jumapili."

Nimeifikiria Jumapili ile maisha yangu yote. Lilikuwa jibu la mtu mwema. Ningekuwa mwanamume, mwanachama, mzee wa kanisa, mwenye mashine ya ushirika mikononi, ningesema hivyohivyo. Watu wanapenda kusimulia mambo kama haya wakitafuta shetani, na mimi sikumwona shetani yeyote Iyula. Niliona watu wenye heshima, kila mmoja akingoja zamu yake ya kusema. Lea hakuwa na nafasi ya kungoja. Alifariki kabla ya Jumapili, asubuhi, mapajani mwangu, mama yake akiwa ameinama mekoni anachemsha maji.

Tulimzika kesho yake. Tuliporudi makaburini wanawake tuliketi jikoni na wanaume uani kuzunguka moto, mvua ikinyunyiza. Hapo shangazi wa Amosi, aliyefika kutoka Vwawa, akasema kwa sauti ya kusikika pande zote, "Mnajiuliza nini? Vibarua walimwona mkaza mwana kwenye mashine akifungua mdomo mbele ya mkwe. Mwiko ule unajulikana unapoangukia." Mama mkwe alitazama moto. Rahabu sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia, akatikisa kichwa tu, na kutikisa kichwa kwa mfiwa hakuhesabiwi. Wakaanza kuzungumza juu yangu kana kwamba sipo: Amosi akifika anirudishe Undali, watu wa kwetu watoe mbuzi wa kuoshea nyumba. Na la kutisha zaidi kuliko yote, mimi mwenyewe niliketi pale nikiwaza huenda ni kweli. Nilikuwa nimeyaona mawe kwa macho yangu, na bado niliwaza hivyo.

Ndipo niliposikia katambuga. Zilitoka kwenye moto wa wanaume, zikavuka ua, zikaja mpaka kwenye mlango wa jiko ambako hazikuwahi kufika tangu niolewe. Niligeukia ukuta nikajifunika.

"Tabitha," alisema Baba Rahabu.

Si mke wa Amosi. Si Rahabu mwambie. Shangazi akaanza, "Kaka, jamani, usi—" naye akamkata. "Mwanangu Tabitha, chukua sinia twende mtoni. Na ninyi nyote njooni."

Tulishuka sote, wafiwa na matope yao ya kaburi miguuni, mimi mbele kitambaa kimefika machoni. Alivua katambuga, akaingia Ilembwe na suruali yake ya kanisani, akanyoosha mkono apewe kitambaa cha kukinga, maana Rahabu alikuwa amemsimulia ninavyofanya. Nikaelewa kwamba alitaka yeye akishike na mimi nisugue. Sijui nilisuguaje. Nilimpa mgongo hata ndani ya maji, nikichokoa tope chini ya kisima kile kilichofagiliwa, na yeye akikinga nyuma yangu. Akakung'uta mwenyewe kwenye sinia na kulipitisha kwa watu. Lilijaa wekundu. Akaniambia niseme wao ni nani, nikasema, nikitazama ng'ambo, kwa Kiswahili, na Rahabu aliyekuwa amesimama ukingoni akatafsiri kwa Kinyiha neno kwa neno kwa sauti yake iliyokauka, bila kunisahihisha popote.

Mashine iling'olewa juma lile, ikafungwa bondeni mbali na maji, na shimo la maganda likachimbwa. Ilichukua muda mrefu kabla ya mawe ya Ilembwe kupata wakazi wake tena. Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Pale mtoni Baba Rahabu alisimama na maji yakipita miguuni mwake, akawaambia watu, "Mjukuu wangu hakuuawa na mdomo wa huyu. Amekunywa uchafu wa mashine yangu. Nililetewa ushahidi kwenye sinia, nikaomba nipewe hadi Jumapili. Atakayesema neno jingine, aniseme mimi." Kisha akashusha sauti. "Mwiko huu ulikuwa wa kuniheshimu mimi, kwa hiyo ni wangu kuufungua. Geuka, mwanangu. Nitazame."

Nilikataa. Aliniambia tena. Rahabu akaingia majini, akanishika bega na kuniondoa kitambaa kichwani, nikageuka. Nilikuwa nimekaa nyumba moja na mtu huyu na kumpikia kila siku bila kuujua uso wake. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, mvua inamtiririka mashavuni, ameshika sinia kifuani kwa mikono miwili. Na macho aliyonitazama nayo yalikuwa macho ya Lea, yaleyale niliyoyafumba kwa vidole vyangu asubuhi ya jana yake.